Msitu Ulioruka Dhamana

Kwa jumla ilitugharimu ng'ombe watatu, baiskeli moja ya Kichina, na siku mbili za mzee mmoja kwenye benchi la mahakama ya mwanzo. Nimehesabu mara mbili. Mkisikia mtu anasema wadhamini wa chama chetu walitoa muda wao tu, mwambieni aje kwangu nimweleze habari za zizi la Mzee Ntandu.

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini mliniomba niandike chama kilivyoanza, hasa habari za wale watu watano ambao picha zao mmezitundika ukutani na hakuna anayejua walifanya nini. Mishahara nitairuka, maana na yenyewe ilikuwa na tabia ya kuniruka. Vyeo pia nitaviacha. Nilianza katibu nikamaliza katibu, ila mwishoni mkaniongezea neno "mtendaji" na kiti cha kuzunguka kisichozunguka. Nitaandika ya kazi.

Kabla ya chama nilikuwa mtu wa kuku. Nilizunguka minada ya Singida vijijini nikinunua majogoo, nikawapanga kwenye matenga, wakapandishwa juu ya basi kwenda Dodoma. Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa, na neno lililokuwa midomoni mwa watu ni ruksa. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikaja kwa marobota, na ukimkataza mtu jambo lolote anakujibu, "Si ruksa?" Mchoma mkaa, si ruksa? Mwenye kutia moto porini ili atoe ndezi mmoja, si ruksa? Upande wetu wa Mgori, msitu ulianza kurudi nyuma kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Mwalimu Yusufu ndiye aliyenitoa kwenye kuku. Alikuwa amestaafu ualimu, mtu mrefu wa miwani, aliyezoea kusahihisha hata salamu za watu. Alinikuta mnadani nikimrudishia muuzaji jogoo mmoja aliyezidi kwenye hesabu. Akasimama pale, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Binti, nchi hii ingekuwa na watu kumi kama wewe." Hakujua kwamba jogoo yule alikuwa na mdondo, ugonjwa ambao ungemaliza tenga zima. Juma lililofuata akaniita niwe katibu wa chama kipya cha kutunza msitu, mimi peke yangu nikiwa wa kulipwa, na wengine wote wakijitolea. Jambo la jogoo sikulisahihisha. Yeye ndiye mwalimu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa ofisi, yaani nusu ya stoo ya shule, nusu nyingine ikiwa na majembe ya darasa la sita. Vifaa vilikuwa baiskeli, kidau cha wino wa muhuri, daftari mbili, na tepu ya fundi cherehani ya kupimia unene wa miti. Tepu ile ilikuwa imevutika kwa uzee, ikawa inakula sentimita mbili kila ukipima. Niliizoea. Mkikuta daftari za mwanzo zinaonesha miti myembamba kuliko ilivyo, kosa ni la tepu.

Ili chama kiandikishwe, fomu ilitaka wadhamini watano, nayo ilikuwa lazima iondoke na basi la Jumatatu. Jumamosi tukakutana darasani. Mwalimu alikuwapo. Alikuwapo Mzee Ntandu, mrina asali, mtu mfupi mwenye mikono iliyoungua kwa moshi, ambaye akikusalimia unahisi umeulizwa swali. Alikuwapo Mama Paskalina, mwenye kilabu cha pombe ya mtama na sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango. Wawili waliobaki walikuwa watu wema wa kunyamaza, na nitawaacha wanyamaze.

Nikasoma fomu. Nilipofika kwenye neno "wadhamini," darasa likapoa.

"Mdhamini," akasema Mama Paskalina, "si yule anayewanunulia timu ya mpira jezi?"

"Msitu hauvai jezi, Mama Paskalina."

"Basi nauliza. Nisije nikaambiwa nishone."

Mzee Ntandu hakucheka. Akasema, "Mimi mdhamini namjua. Shemeji yangu alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, nikamdhamini. Akakimbilia Rungwa kwa warina asali wa huko. Wakanishika mimi. Nililala ndani siku tatu, na ng'ombe wangu wawili wakaenda."

"Pole, mzee."

"Yamekwisha. Sasa nauliza. Huyu wa kwenye karatasi ni mdhamini yule yule?"

Mwalimu Yusufu akavua miwani aanze kueleza. Nilimjua tayari. Angeanza na Waarabu waliolileta neno, angepitia mahakama, angefika kwenye vyama jioni, na kufikia hapo watu watatu wangekuwa wamekwenda kukamua. Mimi mtu wa mnada. Mteja akishasimama na jogoo mkononi, humwelezi magonjwa ya kuku.

Nikadakia. "Ni yule yule, mzee. Mnaudhamini msitu usitoroke."

Mwalimu aliniangalia, kisha akavaa miwani yake. Mzee Ntandu akafikiri. Nilidhani nimeharibu biashara. Kisha akasema:

"Shemeji alikuwa na miguu. Msitu hauna. Hii ni dhamana rahisi kuliko zote nilizowahi kusikia. Nipe kalamu."

Wengine wakacheka na kutia sahihi. Kwao ulikuwa utani. Mzee Ntandu alibonyeza kidole kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, akakaa akikiangalia kile kidole. Halafu akauliza ni mingapi.

"Nini mingapi?"

"Miti. Mtu humdhamini mtu asiyemjua?"

Hivyo ndivyo kazi ya kuhesabu ilivyoanza, ile mnayoifanya leo kwa vile vidude vya setilaiti. Kijiji kilikuwa kimetupa bonde moja la kulinda, nasi tukaamua kuhesabu mininga tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na wapasuaji mbao. Mimi na Mzee Ntandu tulishika upande wa kulia wa korongo, Mwalimu na Mama Paskalina wa kushoto, kisha tukabadilishana, ili kila mti uhesabiwe na makundi mawili yasiyosikiana hesabu. Kila mninga uliohesabiwa tuliufunga ugwe wa gome la myombo, kwa urefu wa kifua. Mimi nilichora vijistari daftarini. Mama Paskalina, ambaye hakupenda kalamu, alichukua punje za mahindi, akawa anahamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia wa gauni kwenda wa kushoto kila akipita mti.

Jioni ya siku ya nne tulilinganisha. Sisi mia tatu na tisa. Wao mia mbili tisini na sita.

"Rudieni," nikasema.

"Tumerudia," akasema Mwalimu, amechoka, soksi zake zimejaa miiba. "Punje ndizo hizo. Nimezihesabu mwenyewe."

Mzee Ntandu akaichukua punje moja, akainusa. "Mama Paskalina. Haya mahindi umeyakaanga?"

"Yalikuwa yamekaangwa tangu nyumbani."

"Na njiani ulikuwa unatafuna nini?"

Yule mama akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amekula mininga kumi na tatu. Tangu siku hiyo, mtu wa chama chetu akikosea hesabu tunasema ameitafuna, nanyi mnasema hivyo hivyo bila kujua ni meno ya nani.

Neno jingine mnalolitumia ni "kuripoti." Nimewasikia mkimwambia mgeni, "Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakwenda kuripoti," naye anadhani mnakwenda ofisini. Asili yake ni Mzee Ntandu. Aliyedhaminiwa hupangiwa siku ya kuripoti, aonekane kwamba yupo. Mzee akaona kwa kuwa mshtakiwa wake hana miguu, basi mdhamini ndiye amfuate. Kila Jumamosi ya kwanza alikwenda bondeni, akapita akigusa nyugwe zile moja moja, akarudi na kuniambia mlangoni pa stoo, "Ameripoti." Nami naandika. Wenzake walianza kumfuata, mwanzoni kwa kumcheka, halafu kwa kuona haya ya kutokwenda. Mwaka haujaisha, chama kikawa na doria ya kila mwezi ambayo hakuna mtaalamu aliyetufundisha.

Nami nilikuwa na udadisi wangu. Mtu wa biashara hawezi kukaa na watu wanaofanya kazi bure bila kutafuta faida yao iko wapi. Niliwauliza mmoja mmoja. Mwalimu alisema, "Nikisema jambo kwenye kikao, linaandikwa." Mama Paskalina alisema kule bondeni ndiko mahali pekee ambako hakuna mtu anayemwomba pombe ya mkopo. Mzee Ntandu nilimpima namna tatu. Mizinga yake? Alikuwa nayo saba tu, tena mbali na bonde. Sifa? Alichukia kupigiwa makofi. Heshima? Alikuwa nayo tangu zamani. Siku moja nikamuuliza waziwazi.

"Mzee, wewe hapa unapata nini?"

"Swali gani hilo, mwanangu? Nimedhamini."

"Najua. Lakini unapata nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kuku asiye na kichwa. "Anayedhamini hapati. Anayepata ni aliyedhaminiwa. Anapata kukaa nje."

Nilirudi na jibu hilo nyumbani na sikulala nalo vizuri, maana nilianza kuona kwamba lile neno nililolitupa darasani ili fomu iwahi basi, yeye alikuwa amelijengea nyumba.

Mwaka wa tatu likaja lori. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa kutoka mbali, mcheshi, mwenye kibali cha kukata mininga kumi na miwili ng'ambo ya bonde letu. Kibali nilikisoma mara mbili na kilikuwa halali. Alinipa na soda. Nilichokosa ni kuhesabu siku. Miti kumi na miwili haichukui majuma matatu kwa watu wanane kwenye mashimo manne ya kupasulia mbao. Nilikuwa nimepanda Singida mjini kufuata karatasi za chama, nikakaa huko muda, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikapita sijarudi.

Nilipofika stooni Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama Paskalina mlangoni, bila kilemba.

"Katibu, kimbia. Mzee Ntandu amekwenda mahakamani na ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wake! Watatu! Juzi alikwenda kuripoti akakuta visiki arobaini na kimoja. Anasema mshtakiwa wake ameruka dhamana."

Nilipanda baiskeli. Kwenye mchanga wa korongo la pili uma wa mbele ukakatika, nikaiacha imelala pale na kuendelea kwa miguu. Sikuiona tena, na aliyeichukua namtakia uma mzuri. Nilifika mahakama ya mwanzo mchana. Ng'ombe watatu walikuwa wamefungwa kwenye mti wa uani, wamekwishamaliza mchicha wa karani. Mzee Ntandu alikuwa kwenye benchi, blanketi limekunjwa mapajani, kama mtu aliyejiandaa kulala ndani. Niliyokosa kuyaona nilisimuliwa na watu waliojaa dirishani.

"Mshtakiwa anaitwa nani?" karani alikuwa ameuliza, kalamu mkononi.

"Msitu."

"Msitu wa wapi?"

"Wa Mgori."

Karani akaandika: Msitu Mgori. "Umri?"

"Sijui. Nimemkuta."

"Kabila?"

"Wengi ni mininga."

Hapo ndipo karani alipoweka kalamu chini na kumwita hakimu. Hakimu alikuwa kijana, mgeni wa mkoa wetu. Alimwambia mzee kwa upole kwamba hakuna kesi kama hiyo, arudi nyumbani. Mzee akasema asante, akabaki kwenye benchi. Jioni walipofunga mlango akaenda kulala kwa binamu yake jirani, na asubuhi walipofungua walimkuta ameshakaa, na ng'ombe wameanza bustani ya pili, ambayo ilikuwa ya hakimu.

Siku hiyo ya pili tuliingizwa ndani. Watu walijaa mpaka mlangoni.

"Mzee," akasema hakimu, "nani alikuambia mdhamini wa chama ni sawa na mdhamini wa mshtakiwa?"

"Katibu wetu. Ndiye huyu. Alitusomea."

Macho yote yakanigeukia. Nimefanya hesabu nyingi maishani, lakini ile niliifanya nimesimama. Nikisema ukweli, mzee anarudi na ng'ombe wake watatu na kicheko cha kijiji kizima nyuma yake, na hakuna mdhamini atakayekanyaga bondeni tena. Nikinyamaza, anapoteza ng'ombe kwa ajili ya neno langu la mnadani. Nilihesabu mara mbili na mara zote mbili aliyepata hasara alikuwa yeye.

"Ni kweli, mama? Ulisema hivyo?"

"Nilisema hivyo, mheshimiwa."

Aliniangalia sana. Alikuwa ameelewa, hilo naapa. Akamwangalia mzee, akawaangalia watu dirishani, akatoa sauti ya kazi.

"Mzee, mahakama hii haina zizi. Ng'ombe siwapokei. Lakini sheria inamjua mtu anayekata miti kuzidi kibali chake. Mshtakiwa wako hana miguu, si ndiyo? Basi nani alimtorosha?"

Mzee Ntandu akasimama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Ametoroshwa kwa lori, baba. Tairi la nyuma kulia limetobolewa na kushonwa. Alama yake nimeifuata mpaka barabarani."

Hakimu akamwita askari. Lori lilikamatwa kizuizini likiwa na mzigo, na alama ya tairi ikalisema. Mfanyabiashara alitozwa faini, akalipa akicheka, akahama wilaya. Mbao zilizotaifishwa zilikaa nyuma ya kituo mpaka mchwa wakachukua gawio lao. Nawaambieni hivyo msidhani tulishinda kama kwenye hadithi. Visiki arobaini na kimoja vilibaki visiki.

Nilidhani mzee atawarudisha ng'ombe nyumbani. Hakuwarudisha. "Nimeshawatoa kwa mdomo wangu mbele ya watu," alisema. "Wakirudi zizini watanicheka wenyewe." Mmoja alichinjwa kuwalisha watu waliokata njia ya moto kulizunguka bonde. Wawili tuliwapeleka kwa mchonga mizinga wawe bei ya mizinga ya nyuki ya kutundika kwenye mininga iliyobaki kando ya njia ya lori, kwa kuwa hakuna mpasuaji anayelaza msumeno chini ya mti wenye nyuki. Mchongaji alisema mizinga thelathini na miwili. Nilikaa naye kuanzia asubuhi mpaka kivuli kikageuka, nikamtukana kwa adabu, nikaondoka mara tatu na kuitwa mara tatu, akatoa arobaini. Katika miaka yangu yote ya kupatana bei, hiyo ndiyo siku niliyopatana kama mtu anayelipa.

Mwalimu Yusufu amekwishafariki, na Mama Paskalina na wale wawili wa kunyamaza pia. Kwa hiyo chamani aliyebaki akijua kwamba neno lile lilikuwa la uongo ni mimi peke yangu, na sasa ni ninyi.

Nawaambia kwa sababu mmemwandikia Mzee Ntandu barua. Nzuri, ina nembo. Inasema katiba mpya ya chama inataka wadhamini wa kipindi maalumu, na kwamba anapumzishwa kwa heshima. Alikuja nayo kwangu akiongozwa na mjukuu wake wa kike, maana macho yamekwisha. Nikamsomea. Akasema:

"Mwanangu, mdhamini hapumzishwi kwa barua. Anampeleka mshtakiwa mbele ya hakimu, hakimu anasema dhamana imefutwa, basi, anakwenda zake. Mimi hakimu wangu ni yupi? Nikifa kabla hajasema, hawa wanangu si watakuja kukamatwa?"

Nikamwambia nitamuulizia. Ni uongo wa pili, ila huu ulitoka polepole.

Haogopi kufa. Anaogopa kuwaachia watoto wake dhamana, na analala vibaya kwa hilo, binti yake ameniambia. Nikimwambia ukweli, kwamba hakuna hakimu kwa kuwa hakukuwa na dhamana, atalala, lakini nitakuwa nimewachukua ng'ombe wale watatu mara ya pili, pamoja na kila Jumamosi aliyotembea. Nikitafuta hakimu mstaafu aje bondeni aseme yale maneno, itakuwa ni kumchezea mzee mchezo mbele ya msitu wenyewe, na yeye hajawahi kumchezea mtu. Nimefikiria pia ninyi mmwandikie barua nyingine, yenye muhuri, iseme dhamana imefutwa. Lakini atauliza imefutwa na nani.

Jumamosi ya kwanza ni wiki hii. Nitamshika mkono kwenda kuripoti, na ataniuliza kabla hatujafika korongoni. Ninyi mmesoma sheria, mmesoma na uhifadhi, na baadhi yenu mna babu. Nishaurini. Nimwambie nini?